UZI: Kisukuku hakina DNA, wanajuaje kinakaa tawi gani? Vipimo vya mafuvu, nyani, kipunji na ugomvi wa Homo habilis

NgiriMkali (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kwenye uzi wa Zinj, lile fuvu la kale la Olduvai, kuna mdau alisema hawa jamaa wa visukuku wanaokota nusu taya, wakilala wakiamka wameshachora mti mzima wa binadamu. Nilitaka nimjibu kule kule, jibu likawa refu, nikaona lipate uzi wake. Tena jamaa hajakosea sana, maana watu wa fani wenyewe wanabishana hilo hilo tangu 1964 mpaka leo.

Shida yenyewe ni hii. Wanyama walio hai ukitaka kujua nani ndugu wa nani unachukua DNA unalinganisha, mti unatoka. Sasa chukua OH 7, lile taya na vipande vya fuvu la kijana mdogo vilivyopatikana Olduvai mwaka 1960, miaka kama milioni 1.8. DNA hapo sahau. Joto la huku kwetu linaimaliza mapema, mifupa ya Mlambalasi kule Iringa yenye miaka kama 18,000 ni kati ya ya kale kabisa kusomwa DNA ya binadamu kusini mwa Sahara. Kwahiyo kinachobaki ni umbo la mfupa, na namba unazopata ukiweka venia kalipa (kile kifaa cha kupimia milimita) juu yake au ukiupiga skani.

Umbo linaingia kwenye mti kwa njia mbili. Ile ya zamani unaandika sifa kwenye jedwali, jino kubwa weka 1, dogo weka 0, tuta la juu ya fuvu lipo 1, halipo 0, halafu unaiachia programu itafute mti unaohitaji mabadiliko machache kuliko yote. Imetumika miaka na miaka na bado inatumika. Ila kuna mtu kakaa mahali akaamua kubwa inaanzia wapi. Gego la 14.1 mm linaitwa kubwa, la 13.9 mm linaitwa dogo, wakati meno ya kushoto na kulia ya mnyama mmoja yanaweza kupishana zaidi ya hapo. Na hilo si jambo la kufikirika tu, hata jina Homo habilis lenyewe, spishi ya kale iliyopewa jina kwa hiyo OH 7, lilipitia hapo hapo: Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walipolitangaza 1964 ilibidi washushe kikomo cha ubongo cha kuitwa Homo (jenasi yetu) mpaka cc 600 (sentimita za ujazo), wakati kabla yao Arthur Keith alikuwa kaweka 750. Kikomo kimesogezwa, ukoo umepata mwanachama mpya.

Njia ya pili unaacha namba ibaki namba. Joseph Felsenstein alitoa hesabu zake 1973. Wazo lake, kipimo kinatangatanga vizazi na vizazi, mara juu kidogo mara chini kidogo, bila kuelekea popote, watu wa hesabu wanauita mwendo wa Brown. Muda ukiwa mrefu tofauti inakuwa kubwa. Spishi mbili zilizotembea pamoja muda mrefu kabla ya kuachana zinatarajiwa kufanana kuliko zilizoachana zamani. Basi ukishakuwa na mti wenye urefu wa matawi unaweza kuuliza, kisukuku hiki nikikipachika hapa, hizi namba zina uwezekano kiasi gani kutokea? Nikikipachika pale je? Programu inazunguka tawi moja moja mpaka mti unaisha, inakurudishia uwezekano wa kila sehemu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnishambulie vizuri: njia ya pili ni bora, ila ubora wake unategemea kisukuku chako kina majirani walio hai au hakina. Kwa nyani inafanya kazi vizuri tu. Kwa binadamu wa kale ndio kwenye balaa, na nitaeleza.

---

Kibuyu_Kitupu

Nimeweka kambi. Ila mkuu hizo za Brown zimenipita kushoto, leta mfano wa wanyama tunaowajua

---

BintiKondoa

Naunga mkono mfano. Na mimi nina swali kabla hujaendelea, hivi wanajuaje kama hiyo programu inasema kweli? maana kisukuku hakiwezi kuamka kikasema mimi mjomba angu ni fulani

---

NgiriMkali

@BintiKondoa dada umegusa penyewe kabisa, na jibu ndio huo mfano anaoutaka Kibuyu.

Unajuaje? Unaipa mtihani ambao majibu yake unayo tayari. Unachukua wanyama walio hai ambao DNA imeshasema ukoo wao, unajifanya hujui, unapima mafuvu yao tu, unaangalia kama mifupa itarudisha mti ule ule. Mark Collard na Bernard Wood walifanya hivyo wakachapisha mwaka 2000, walitumia masokwe na binadamu upande mmoja, na kundi la nyani upande mwingine. Mifupa ikafeli. Miti iliyotoka kwenye mafuvu na meno haikulingana na ya DNA. Watu wengi wakakata tamaa, wakasema kama fuvu haliwezi kutuambia ukoo wa nyani anayeiba mahindi leo, litatuambiaje habari za Olduvai.

Sasa hapo kwenye nyani ndio patamu. Kuna mangabe, wale kima wakubwa wenye mkia mrefu. Mangabe wa Udzungwa na wale wa mto Tana ni kundi moja, Cercocebus. Mangabe wa msitu wa Kibale Uganda ni kundi jingine, Lophocebus. Ukiwaona unasema ni wale wale. Halafu kuna nyani wetu wa kawaida na kuna mandrili wa Kameruni na Gaboni, wote wana mdomo mrefu kama wa mbwa, ukiwaona unasema hao nao ni ndugu. Miaka yote walipangwa hivyo, wenye uso mfupi huku wenye uso mrefu kule.

DNA ilipokuja ikapangua yote. Mangabe wa Udzungwa na Tana ni ndugu wa mandrili, wa Kibale ni ndugu wa nyani na gelada (yule wa milima ya Ethiopia). Yaani uso mrefu umetokea mara mbili.

Sababu ya fuvu kudanganya ni ukubwa wa mwili. Kwenye hili kundi mnyama akiwa mkubwa uso unarefuka kwa kasi kuliko sehemu nyingine za kichwa, hiyo inaitwa alometria. Wewe unapima urefu wa uso, upana wa pua, urefu wa taya, umbali wa jicho mpaka meno, unadhani unapima ukoo, kumbe unapima kilo. Mwaka 2007 Christopher Gilbert na James Rossie wakarudia mtihani kwa data za aina hiyo hiyo ya mafuvu, wakaondoa athari ya ukubwa kwa kulinganisha wakubwa na wakubwa, wadogo na wadogo. Mti ukatoka sawasawa na wa DNA. Kilichobadilika ni swali waliloiuliza mifupa.

Na kuna kitu kingine nakipenda sana kwenye habari hii. Kabla yao, 1999, John Fleagle na Scott McGraw walikuwa wameshaona mandrili na Cercocebus wanafanana sehemu ambayo hakuna aliyekuwa anaijali: magego ya mbele, yale yanayofuata chonge. Yamevimba, ni makubwa kupita kawaida, kwasababu hawa wanyama wanashinda chini msituni wanapekua majani makavu na magogo yaliyooza, wanapasua mbegu ngumu. Hata mifupa ya bega na mkono ina alama za hiyo kazi. Uso wa mbele unadanganya, jino la pembeni linasema kweli.

---

Kibuyu_Kitupu

Haya sasa nimeelewa. Kwahiyo hapo nyani na mandrili wamefanana kwa ajili ya mwili mkubwa tu. Dah

---

Mdau_wa_Rungwe

Mkuu Ngiri umewataja nyani na mangabe bila kumtaja kipunji, huku kwetu hilo ni kosa la jinai 😂

---

NgiriMkali

@Mdau_wa_Rungwe nilikuwa nakusubiri wewe.

Kipunji kwa wasiomjua ni kima wa misitu ya mlima Rungwe na Kitulo, na kundi dogo lipo Ndundulu kule Udzungwa. Alitangazwa kwa wanasayansi 2005, kwa picha tu maana hakukuwa na mwili, wakampa jina Lophocebus kipunji. Ni mangabe, mkia mrefu, uso mfupi, anaishi juu ya miti, nani atakataa? Muda mfupi baadaye mmoja akafia kwenye mtego shambani, wakapata fuvu na DNA. DNA ikamsogeza karibu na nyani, 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima hai Afrika kwa miaka 83.

Haikuishia hapo. Baadaye ikaonekana kipunji wa Rungwe wamebeba DNA ya mitokondria (ile inayorithiwa kwa mama) inayofanana mno na ya nyani wa njano wa jirani, maelezo yanayokubalika ni kwamba zamani walichanganyika, na wale wa Ndundulu hawana huo mchanganyiko. Kwahiyo msidhani DNA nayo ni msahafu.

Ila angalia fuvu. Lile la kwanza lilikuwa la dume ambalo halijakomaa. Uso wa hawa wanyama unarefuka wakati wa kukua, kwahiyo ukimpima kijana unapata namba fupi fupi, umbo linakwenda kwa mangabe. Je ni kwasababu ni ndugu wa mangabe au kwasababu hajamaliza kukua? Huyo ana wenzie wanaruka kwenye miti mpaka leo, na bado fuvu moja lilileta mjadala wa miaka.

---

fundi_namba

Naingilia kama mtu wa takwimu. Mkuu hesabu ya Felsenstein ukiiandika kirahisi inachukulia kila kipimo kinatangatanga chenyewe. Vipimo vya taya haviko hivyo. Urefu wa taya, kina cha taya, upana wa gego, nafasi ya msuli, vyote vinavutana. Mkivihesabu kama vipimo 40 huru mtapata uhakika wa uongo, programu itasema asilimia 99 wakati ushahidi halisi ni wa vipimo vitatu. Mnalifanyaje hilo?

---

NgiriMkali

Fundi hapo umepiga penyewe. Ni kama kesi yenye mashahidi arobaini ambao wote wamesimuliwa na mtu mmoja, hakimu akihesabu vichwa umekwisha.

Mfano mkubwa ni huyo Zinj wetu. Mary Leakey alimpata Olduvai tarehe 17 Julai 1959, fuvu OH 5, leo anaitwa Paranthropus boisei. Magego makubwa mno, mashavu yametokeza mbele, tuta la kushikia misuli juu ya kichwa, taya nene. Kusini mwa Afrika kuna mwenzake Paranthropus robustus mwenye karibu vitu hivyo hivyo. Ukijaza jedwali la sifa wanakaa pamoja kila mara na programu inajiamini. Lakini ukiangalia, sifa nyingi kati ya hizo ni kazi moja, kutafuna kwa nguvu au kutafuna kutwa nzima. Randall Skelton na Henry McHenry walilisema mwaka 1992, ukikusanya sifa kwa makundi ya kazi, yale ya kutafuna ukayapa uzito wa kundi moja, picha inabadilika. Na lile fuvu jeusi la Turkana Magharibi, KNM-WT 17000 la 1985, lina miaka milioni 2.5, ubongo cc 410 tu, tuta kubwa ajabu, lakini sehemu nyingine za fuvu ni za kizamani kabisa. Ndugu wa damu wa Zinj au mtu mwingine aliyefika kwenye ulaji ule ule? Wengi wanasema ndugu. Mimi naona ni ndugu lakini kwa uhakika mdogo kuliko unaoandikwa.

Dawa za kihesabu zipo. Unaweza kukadiria jinsi vipimo vinavyovutana ndani ya spishi moja yenye mafuvu mengi, kisha unavigeuza viwe vipimo vipya visivyovutana kabla ya kuingia kwenye mti. Vipimo vyote unavigeuza kuwa logi, yaani unalinganisha kwa uwiano, maana milimita 1 kwenye jino la kima mdogo si sawa na milimita 1 kwenye jino la nyani dume. Ukubwa wa jumla unauweka pembeni kwa kugawa kila kipimo kwa wastani wa kijiometria wa vipimo vyote vya fuvu hilo. Ila kukadiria huko kunahitaji mafuvu mengi, na kwa spishi za kale mara nyingi unayo mawili na nusu.

Na kuna njia mpya zaidi, ya 2018, kazi ya Parins-Fukuchi. Mti wa DNA wa walio hai unaushikilia usiguswe. Unaangalia kila kipimo kinaukubali mti huo kiasi gani, kile kinachoupinga kwa walio hai kinapunguziwa uzito, ndio sasa kisukuku kinapachikwa kwa vipimo vilivyofaulu. Yaani mtihani wa dada Kondoa umeingizwa ndani ya hesabu yenyewe.

---

BintiKondoa

Hiyo ya mwisho imenikosha. Kipimo kilichosema uongo kwa walio hai hakiaminiwi kwa waliokufa

---

Kitale_Finest

Niaje wakubwa. Sasa mbona mnaongea Olduvai Olduvai tu na Turkana ndio iko na mafuvu mingi. Leteni lile fuvu KNM-ER 1470 hapa. Na mseme ukweli, ilipatikana na Bernard Ngeneo mwaka wa 1972, si Richard Leakey kama vile watu hupenda kuandika.

---

NgiriMkali

Kaka Kitale uko sahihi, na fuvu la mwaka uliofuata, KNM-ER 1813, lilipatikana na Kamoya Kimeu. Hawa watu ndio wameokota nusu ya mti tunaougombania.

Haya, hapa ndio kiini cha uzi. 1470 lina ubongo wa takribani cc 750, uso mrefu mpana na bapa. 1813 lina kama cc 510, uso mdogo. Yote Koobi Fora, mashariki mwa ziwa Turkana, enzi zinazokaribiana. Swali lililogombaniwa miaka 40: spishi mbili, au dume na jike wa spishi moja? Kwa vipimo vibichi ni mbali sana. Lakini dume na jike wa sokwe-mlima wako mbali pia. Kama ubapa wa uso wa 1470 ni matokeo ya kuwa kubwa tu, basi ni yale yale ya nyani na mandrili.

Tena 1470 lilikuwa vipande zaidi ya 150. Uso na sehemu ya fuvu inayobeba ubongo havishikani vizuri, pembe ya uso inategemea aliyeuunganisha aliuinamisha kiasi gani. Kwahiyo kuna vipimo vya 1470 ambavyo ukiviweka kwenye jedwali unapima pia mkono wa fundi aliyegundisha.

Mwaka 2012 Meave Leakey na wenzake wakatoa uso mpya, KNM-ER 62000, pamoja na mataya mawili ya chini. Huu uso ni mdogo kwa wazi kuliko wa 1470, mwenyewe hakuwa amekomaa bado, lakini umbo ni lile lile, bapa. Sasa mnaona uzito wake? Ukubwa umeshuka, umbo limebaki. Ile hoja ya "ni ukubwa tu" imekatwa na mfupa wenyewe, hata kabla hujawasha kompyuta.

Halafu 2015 Fred Spoor na wenzake wakaichukua OH 7 yetu ya Olduvai, taya lake lilipinda ardhini, wakalikunjua kwa skani kwenye kompyuta. Safu za meno zikatoka ndefu, zimekaa karibu sambamba, umbo la kizamani linalokumbusha Australopithecus, jenasi ya kale kabla ya Homo. Haliwezi kuwa la spishi moja na 1470 ambalo taya lake la juu ni fupi. Lakini ubongo wa OH 7 wakaukadiria upya ukatoka kati ya cc 729 na 824, sawa na wa 1470 au zaidi! Kwahiyo kile kipimo kilichotumika 1964 kuamua nani aingie Homo, ubongo, ndio kipimo kisichoweza kuwatenganisha hawa wawili, wakati taya ambalo watu waliliona la kawaida ndio linawatenganisha.

---

Kitale_Finest

Aisee. So ile spishi ingine, Homo rudolfensis, ni 1470 na habilis ni OH 7, sindio? Na 1813 inaenda wapi?

---

NgiriMkali

Wengi wanaiweka habilis. Mimi nikiisoma naona imewekwa hapo kwasababu hakuna mahali pengine, yaani habilis imekuwa stoo.

---

Mzee_Mangati

Vijana mnanifurahisha. Mimi bado sijaridhika. Mnasema vipimo vya meno vinaweza kuonyesha ukoo, haya. Je vinaweza kuonyesha umri? Maana nilisoma hiyo 1470 kwanza ilisemwa ina miaka karibu milioni 3, baadae ikashuka. Nani alikosea?

---

NgiriMkali

Shikamoo mzee. Swali zuri na jibu lake linafurahisha, maana waliosaidia kusahihisha ni nguruwe.

Fuvu 1470 lilitoka chini ya tabaka la majivu ya volkano linaloitwa KBS. Maabara ya kwanza ikalipa majivu hayo miaka milioni 2.61, kwahiyo fuvu likawa la zamani zaidi ya hapo, ikawa habari ya dunia. Sasa kuna bwana Basil Cooke alikuwa anapima nguruwe wa kale. Kuna ukoo wa nguruwe ambao gego la tatu, lile la nyuma kabisa, lilikuwa linarefuka taratibu kadiri miaka inavyokwenda. Kule bonde la Omo, Ethiopia, kaskazini mwa ziwa Turkana, tabaka zilikuwa na tarehe nzuri, ukipanga magego kwa urefu yanafuata tarehe. Akachukua magego ya nguruwe wa Koobi Fora yaliyotoka chini ya KBS, akayapima, yakalingana na ya Omo ya miaka kama milioni 2. Haiwezekani nguruwe wa Koobi Fora awe mbele ya mwenzie wa Omo kwa zaidi ya nusu milioni ya miaka. Wakabishana miaka kadhaa, tena kwa ukali, mwishowe maabara nyingine zikapima upya na KBS ikatulia kwenye milioni 1.88 hivi. Nguruwe walikuwa sahihi.

---

Mzee_Mangati

Marahaba. Basi kumbe vipimo vinatoa umri. Mbona kwa yule wa Afrika Kusini, Naledi, walichemsha?

---

fundi_namba

Mzee umewashika pabaya hapo 😂😂

---

NgiriMkali

Mzee hajaniacha nipumue.

Homo naledi alitangazwa Septemba 2015, mifupa zaidi ya 1,500 kutoka pango la Rising Star, tena bila tarehe. Ubongo mdogo, cc 465 mpaka 610 kwa mafuvu tuliyonayo, vidole vimepinda, lakini miguu na viganja karibu kama vyetu. Watu wakajaribu kukisia umri kwa umbo peke yake. Mmoja kwa kulinganisha vipimo vya fuvu akapata kama milioni 2. Mana Dembo na wenzake 2016 wakatumia hesabu za Bayes (za uwezekano) zinazotafuta mti na tarehe kwa pamoja, sifa 391 za fuvu na meno, wakapata kama miaka 912,000. Mwaka 2017 tarehe za kijiolojia zikatoka: kati ya miaka 335,000 na 236,000. Juzi tu.

Sasa kwanini nguruwe walifaulu na hao wakafeli? Nguruwe walikuwa wengi mno, ukoo mmoja, tabaka juu ya tabaka, na kipimo kimoja kinachojulikana kinaelekea wapi. Ile ilikuwa rula iliyokwishachorwa tarehe. Kwa Naledi huna rula, una hesabu inayochukulia kwamba umbo linabadilika kwa kasi fulani ya wastani kwenye matawi, halafu unakutana na tawi lililokaa na umbo la kizamani karibu mpaka jana. Hesabu itakwambia ni wa zamani, haina namna nyingine. Ila tuwatendee haki kina Dembo, walikaribia kuliko wale wa milioni 2, na walitoa namba ambayo inaweza kupimwa ikaonekana imekosea. Wapo waliosema "ni wa zamani" bila namba, hao hakuna wa kuwasahihisha.

---

Kibuyu_Kitupu

Mkuu mwanzo ulisema kwa binadamu wa kale ndio kwenye balaa, umezunguka mno hujalisema mpaka sasa

---

NgiriMkali

Nalisema.

Ile njia ya 2018 ya kushikilia mti wa DNA inahitaji walio hai pande zote za kisukuku. Kwa nyani unao: nyani, gelada, mandrili, mangabe wa aina mbili, kipunji. Ukiokota Olorgesailie, Kenya, taya la lile gelada jitu la kale, Theropithecus oswaldi, una gelada wa Ethiopia na nyani wa kumlinganisha, na vipimo umeshavipa mtihani kwenye matawi yale yale yanayomzunguka.

Kwa binadamu, baada ya kuachana na sokwe-mtu, tawi lote hilo limebaki na mtu mmoja hai, sisi. Zinj, habilis, rudolfensis, na wale Australopithecus kama sediba na Lucy, wote wamening'inia kwenye tawi moja refu ambalo ncha yake hai ni moja. DNA ya Neanderthal ipo lakini inakusaidia mwishoni kabisa mwa tawi, pembeni yetu. Kwahiyo hakuna mahali pa kuvipa vipimo mtihani ndani ya hilo tawi. Unaweza kuvijaribu kwa masokwe na nyani halafu ukatumaini kipimo kinachosema kweli kwa mandrili kinasema kweli kwa habilis, na sioni kwanini iwe lazima, maana hawa wetu walibadilisha kutembea, chakula na mikono kwa wakati mmoja.

Ndio maana mimi nikiona mti wa binadamu wenye mstari mmoja mweusi kutoka habilis kwenda Homo erectus bila uwezekano ulioandikwa pembeni, nafunga ukurasa.

---

fundi_namba

Na protini za meno je? Nilisikia wanasoma

---

NgiriMkali

Ndio tumaini kubwa fundi. Mwaka 2019 protini za enameli kutoka jino la Gigantopithecus wa China, miaka milioni 1.9, zilimuweka upande wa orangutani. Na 2025 wakasoma za Paranthropus robustus wa Swartkrans, Afrika Kusini, miaka kama milioni 2. Habari ndani yake ni chache ukilinganisha na DNA, kwahiyo usitegemee mti mzima. Ila kazi ya kupima ndio inapata msaada hapo: ukipata protini za visukuku vichache tu vya hilo tawi tupu, umepata ncha za kuvipa vipimo mtihani ambazo sasa hivi hatuna. Jino moja la Zinj likisomwa, ule ugomvi wa kutafuna unaweza kuhukumiwa.

---

BintiKondoa

Swali la mwisho kutoka kwangu, mtu akitaka kujifunza hii kazi bila maabara aanzie wapi? Nipo mwaka wa pili

---

NgiriMkali

Anza na wanyama dada, usianze na watu. Tafuta mafuvu ya nyani au mbuzi, hata ya machinjioni, yasiwe machache. Pima gego la mwisho urefu na upana, kila fuvu, andika. Kesho yake pima tena yale yale bila kuangalia namba za jana. Tofauti utakayoipata kati ya jana na leo ndio kosa la mkono wako, na ukiona tofauti kati ya spishi mbili ni ndogo kuliko hiyo, usiiingize kwenye mti. Rekodi jinsia na kama magego ya mwisho yameshatoka yote, mfano wa kipunji umeuona. Programu za R (lugha ya kompyuta ya takwimu) za kupachika visukuku kwa mwendo wa Brown ni za bure, fundi_namba atakusaidia kuziendesha akiacha kucheka watu.

---

fundi_namba

Nipo. Leta jedwali, mstari mmoja fuvu moja, milimita tupu, usiniletee "kubwa" na "dogo"